Aliyekaa Katikati ya Wimbo

Ukuta unaotenganisha darasa langu na la Madame Viviane ni wa tofali moja tu, na juu yake, chini ya bati, pana mwanya ambao mkono wa mtu mzima unapita. Nimefundisha hesabu upande huu wa ukuta muda mrefu kiasi kwamba mvi zangu zote zimeota hapo. Yeye alikuwa upande wa pili, akifundisha Kiingereza. Basi mimi, ambaye sikuwahi kuomba kujua Kiingereza, nakijua. Najua kufuli, jembe na mwavuli, najua viungo vya mwili kutoka utosini hadi kisigino, na vyote navijua kwa mpangilio mmoja, pamoja na mahali pa kupiga makofi.

Sikupenda, na sitajifanya kwamba nilipenda. Wanafunzi wangu walichora pembetatu huku vichwa vikitikisika. Mara nyingine nikiwa naeleza eneo la duara nilisikia kiatu cha mtu kinagonga sakafu, nikageuka nimekunja uso nimtafute mkosaji, nikakuta kiatu ni changu. Siku nilizoshindwa kabisa niliupiga ukuta kwa ngumi. Upande wa pili walinyamaza, kisha ikaja sauti ya Madame Viviane, ya upole na ya kuchoka: "Pardon, Maître. Tunabakisha paka bintu bya cuisine." Na vitu vya jikoni, hivyo tu walivyobakisha, ndivyo vilivyokuwa vingi kuliko vyote.

Shule yetu iko Panda, hapa Likasi, katikati ya kambi za zamani za wafanyakazi wa kiwanda. Viviane alizaliwa humo humo. Baba yake alikuwa mtu wa tanuru, na Jumapili aliimba besi katika kwaya ya parokia. Kambini kulikuwa na watu wa kila upande, Waluba, Wabemba, Walunda, watu wa Kasai, kila nyumba na lugha yake, na siku za sikukuu wote waliimba Kilatini ambacho hakuna aliyekielewa. Viviane alinisimulia kwamba baba yake, hata alipozeeka na kuchanganya majina ya wanawe, alikuwa bado anaimba Misa nzima ya Kilatini bila kuruka neno.

"Sasa minye nikajiuliza, mudogo," aliniambia. "Kama neno ya bule inabakia vile mu kichwa, ile iko na maana itaenda wapi?"

Ananiita mudogo, yaani mdogo wake, ingawa amenizidi miaka michache tu. Mimi humwita yaya, dada mkubwa. Hatuna udugu wa damu, ni udugu wa ukuta.

Wimbo wake aliuanza alipokuwa bado mgeni kazini, kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Vitabu havikuwapo. Dawati la watu wawili lilikaliwa na wanne, na akiandika ubaoni, wa nyuma hawaoni. Basi akawa anaita neno kwa Kiswahili chetu, wao wanajibu kwa Kiingereza, na ili maneno yasipotee akayafunga kwenye mdundo. Vitu vya nyumbani aliviweka kwenye hatua zile za akina mama wanaopeleka matoleo altareni, polepole, mbele mbili nyuma moja. Vyombo vya kazi, nyundo na msumeno na koleo, vilikwenda kwa mwendo wa bendi ya tarumbeta iliyokuwa ikipita kambini siku za sherehe. Vitu vya sokoni vilipata kalindula, muziki wa dansi, na hapo hata mimi nilishindwa kukasirika.

Aliita, "Mulango!" Darasa zima likajibu, "Door, door!" Akaita, "Kifunguo!" Wakajibu, "Key, key!" Na hivyo hivyo, chumba kwa chumba, mpaka nyumba nzima ikaisha, wakatoka uani kwenye kuku na mbwa, wakashika njia ya soko.

Alikuwa na ujanja mmoja ambao ulinichukua miaka kuutambua. Kiswahili hulilemeza neno karibu na mwisho, na mtoto wetu akikutana na neno la kigeni hulilemeza hapo hapo. Madame Viviane aliwafanya wakanyage sakafu kwa mguu wa kulia pale neno la Kiingereza linapolemea, na kwingine wapige makofi mepesi tu. "Umbrella" ilikanyagwa katikati, "hospital" mwanzoni. Hakuwaeleza chochote. Miguu ilijua, ulimi ukafuata.

Maneno hayo hayakutoka tena. Nimepanda taxi-bus ya kwenda mjini ambayo dereva wake, mtu mzima mwenye ndevu, alimwona Madame Viviane kando ya barabara akatoa kichwa nje kumpigia kelele, "Madame! Knife, spoon!" na abiria watatu ndani wakamalizia sahani na vikombe bila kuulizwa. Yeye alipunga mkono tu. Alikuwa anatembea kwa miguu, mkoba begani, akielekea shule ya pili anayofundisha jioni huko Kikula, kwa sababu shule moja haimtoshi mtu kuishi.

Kuchoka ndiko kulikokuwa salamu yake. Asubuhi nikimwambia, "Yambo, yaya, uliamka muzuri?" hujibu, "Niliamka, mudogo. Ile ya muzuri, tutaiona kisha." Miezi ya kiangazi vumbi la barabara lilimkaa kooni, miezi ya mvua alifundisha na viatu vyenye maji. Sauti yake, ambayo watu wazima wa parokia wanasema ilikuwa ikipanda hadi kwenye bati la kanisa na kurudi, ilianza kukwaruza. Alikunywa tangawizi, akatafuna mizizi aliyopewa na jirani, akaendelea kuita. Darasa la watoto zaidi ya themanini haliitwi kwa kunong'ona.

Mwaka huu wa masomo tukapata prefe mpya, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule. Jina lake ni Évariste, katoka Kinshasa, mtu nadhifu wa suruali yenye mkunjo, na Kiswahili chake anakisema kwa hadhari. Siku ya kwanza aliposikia nyumba nzima ya Madame Viviane ikitikisa bati, alisimama uani na kalamu hewani. Siku ya pili alimshika barazani mwanafunzi mmoja, Germain, mtoto mrefu mwenye haya, akamwonyesha dirisha.

"Hii, en anglais?"

Germain akalitazama dirisha, akatazama miguu yake, kisha goti likaanza kucheza. Akanong'ona mlango, akanong'ona ufunguo, kufuli, kiti, meza, taa. Prefe alingoja. Hatimaye Germain akafika, akapaza sauti kwa fahari: "Window!"

"Na ukiwa ku bureau ya mugeni," prefe akamwuliza, "atakungojea uimbe nyumba yote?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni pangu na chaki mkononi. Nilitaka kucheka, na nilitaka kumpiga prefe kofi, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mimi mwenyewe nikitaka neno moja la Kiingereza lazima niingie kwa mlango.

Prefe hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemaliza haraka kuandika habari hii. Alituita sote chumba cha walimu, akasema taratibu kwamba Kiingereza si kwaya, kwamba watoto hawa watakwenda kutafuta kazi viwandani na mpakani, na kule kila mmoja ataulizwa peke yake. Kabla ya likizo ya Pasaka angekuja kukaa darasani kwa Madame Viviane na kuuliza mtoto mmoja mmoja. Wakijibu, yeye anabaki. Wasipojibu, saa zote za Kiingereza zitakwenda kwa Franck, kijana aliyetoka chuoni juzi, mwenye kompyuta na spika, na Madame Viviane atapewa bibliothèque, yaani maktaba.

Bibliothèque ya shule yetu ni chumba chenye kabati mbili na mchwa. Anayekaa humo hupokea wageni wa prefe na kuwaambia wasubiri.

Siku hiyo tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Wenzetu wawili walikuwa wamempongeza mlangoni, wakimwambia afadhali, sasa atapumzika. Yeye aliwaaga, tukatembea mpaka tulipopita nyumba za mwisho za kambi.

"Banasema nitapumuzika," alisema. "Mudogo, minye nachoka, ni kweli. Nachoka na njia, nachoka na Kikula, nachoka kupika mangaribi nikitoka kule. Mais ile saa ya lwimbo, pale njo napumuzikia. Banataka kuniondosha paka pale napumuzikia."

Nilimbebea mkoba, ambao haukuwa mzito.

Basi alijaribu. Kwa wiki kadhaa nilisikia kupitia mwanya ule mambo mapya. Alimsimamisha mtoto mmoja, akamtaka aseme neno moja bila mdundo. Kimya. Alimtaka aseme bila kuyumba. Kimya zaidi. Akichoka kungoja, alipiga meza kwa kiganja, akaita, na darasa zima likamjibu kwa furaha kubwa, kama watu walioruhusiwa kutoka nje. Nami upande wangu niliuma meno, kwa kuwa nilijua hesabu ya jambo lile haikubali.

Kisha, wiki ya mwisho, sauti ikamwisha. Haikukwaruza, haikupungua, iliondoka. Alifungua mdomo asubuhi kuniitikia salamu, ikatoka pumzi. Muuguzi wa zahanati alimwangalia kooni kwa tochi, akamwamuru asiseme neno hata moja mpaka baada ya Pasaka, na asinong'one pia, kwani kunong'ona kunaumiza zaidi. Nilikwenda mwenyewe kwa prefe kumwombea siku zisogezwe mbele.

"Tant mieux," akasema prefe, afadhali hivyo. "Kama banajua, batajua hata Madame akinyamaza."

Hapo nilitoka bila kuaga, jambo ambalo silifanyi.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na watoto walikaa na tope hadi magotini. Prefe aliniita niingie naye niwe shahidi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa zamani zaidi pale. Wanafunzi wangu niliwaachia mazoezi ambayo najua hawakuyafanya. Tulikaa nyuma, kwenye kiti kimoja kimoja kilicholetwa kutoka ofisini. Madame Viviane alisimama mbele, amevaa kitenge chake kizuri cha sikukuu, mikono imeshikana. Kitini pake, kama siku zote, ulikaa mkoba. Kwa miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona akikaa darasani.

Prefe aliinua kufuli. "Weye. Hii ni nini?"

Msichana aliyeelekezewa kidole akasimama. Akamtazama Madame Viviane. Madame Viviane akatikisa kichwa kumpa moyo. Msichana akatazama chini.

Prefe akamwelekezea mwingine, kisha mwingine. Wakasimama, wakamtazama mwalimu wao, wakatazama chini. Germain alipoulizwa, goti lake lilianza kucheza, midomo ikafunguka, kisha akamtupia jicho Madame Viviane pale aliposimama, akaifunga. Prefe akaandika kitu. Hapo Madame Viviane alifanya kosa. Aliigonga meza kwa kiganja, ule mdundo wa nyumbani, mbele mbili nyuma moja, akafungua mdomo kuita, na hakukutoka kitu. Miguu yote ya darasa ikamfuata. Watoto zaidi ya themanini wakayumba kwenye madawati yao, wakikanyaga pale pa kukanyaga na kupiga makofi pale pa kupiga makofi, na hakuna mdomo hata mmoja uliofunguka.

Prefe aliona ujinga. Mimi niliona kanisa.

Katika kwaya za Panda wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ni aliyeuanzisha. Akisahau, akikohoa, akibanwa na machozi, mradi bado amesimama, hakuna anayemtangulia. Kwaya nzima humngoja ikiyumba papo hapo, hata padri akianza kutazama saa. Kumtolea mtu wimbo mdomoni akiwa wima ni kumwambia mbele ya watu wote kwamba amekwisha. Watoto hawa, Wakatoliki kwa walokole, wamenyonya adabu hiyo tangu mgongoni mwa mama zao. Akikaa, hilo ni jambo jingine. Anayekaa ameuachia wimbo, na aliye tayari anauokota. Lakini Madame Viviane alikuwa amesimama, na maneno yote waliyoyajua ya Kiingereza yalikuwa ndani ya wimbo wake.

Nilimwinamia prefe nimweleze. "Maître Gaston, s'il vous plaît," akaninyamazisha bila kugeuka, akaendelea kuandika.

Mdundo ulizunguka, ukazunguka tena. Madame Viviane aliita bila sauti mara ya pili. Niliona jasho. Sijawahi kumwonea mtu huruma kiasi kile, na huruma yenyewe ilinikasirisha, kwa sababu ulikuwa unahitajika usemi mmoja tu na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuusema.

Watu wa Panda siku hizi wanasimulia kwamba alifanya kwa hekima, kwamba alikuwa ameupanga mpango wote toka nyumbani. Wanatia chumvi. Mimi nilikuwapo. Magoti yalimkatalia. Aliusogeza mkoba pembeni kwa mkono mmoja, kama mtu asiyeona anachofanya, na akakaa.

Miguu yote ikakoma. Halafu katikati ya madawati akasimama msichana mmoja mfupi, Providence, mtoto wa mama muuza makala, yaani mkaa, walokole wa kweli kweli, ambaye nyumbani kwao redio haifunguliwi ila kwa mahubiri. Katika hesabu zangu hakuwa mtu wa kutajwa. Alimtazama Madame Viviane kitini, akavuta pumzi, akaita.

"Mulango!"

"Door, door!" Bati likalia. Nililipiga paja langu bila kujua.

Lakini Providence hakuita kifunguo. Aliinua mkono, wakanyamaza, akamwelekezea kidole Germain. "Weye moja. Dirisha!"

Mdundo ulikuwa unaendelea chini ya madawati. Germain hakupata nafasi ya kuzunguka nyumba. Mguu wake ulikanyaga, na neno likatoka: "Window!"

"Weye. Kufuli!"

"Padlock!"

Akaruka kwenye nyundo, akarudi kwenye kijiko, akaenda sokoni akaleta nyanya, akaingia kwenye mwili akashika goti, kila neno na mtu wake, hovyo hovyo, wala hakumwachia mtu muda wa kuogopa. Wengine walikosea, akawapita na kuwarudia. Prefe alikuwa ameacha kuandika. Aliinuka, akainua kufuli lake juu, na kabla hajasema lolote Providence akampa neno hilo msichana yule wa kwanza, naye akalijibu akitazama mbele.

Nilifurahi sana. Sitaona haya kusema. Nilimpiga prefe begani kama rafiki yangu wa siku nyingi, naye hakukasirika. Alikwenda mbele, akamshika Madame Viviane mikono yote miwili. Alimwambia kwa Kifaransa kirefu kwamba hajawahi kuona mwalimu aliyejiondoa namna ile ili watoto waongozane wenyewe, kwamba hiyo ndiyo pédagogie, kwamba saa zake anabaki nazo zote na Franck atakuja kujifunza kwake. Madame Viviane alimsikiliza akiwa amekaa. Hakuweza kusema kitu, na hata angeweza, sidhani angejua aanzie wapi.

Sauti ilirudi baada ya Pasaka, nyembamba kidogo lakini yake. Asubuhi ya kwanza alinisalimu kwa jina, tukacheka. Niliingia darasani kwangu, nikaandika mlinganyo ubaoni, nikajikuta nimesimama nasubiri.

"Mulango!" ikaja sauti yake kupitia mwanya.

Nikangoja. Hakuna kitu. Halafu nikasikia madawati yakilalamika, kama watu wanapogeuka kumtazama mtu aliye katikati.

Alinieleza mwenyewe jioni. Wote walikuwa wamegeuka kumtazama Providence, na Providence alikuwa amesimama, kichwa chini, karibu kulia. "Madame, pardon," alimwambia. "Weye uliikala. Shiye tulizania ulituachia."

Alijaribu kuwaamuru. Ni mwalimu, na watoto wetu wanatii, kwa hiyo wakaimba. Lakini waliimba kwa nusu mdomo, wakitazama chini, jinsi watu wanavyomwimbia mgonjwa asiyejua kwamba amekata kauli. Alivumilia siku hiyo na ya pili yake. Siku ya tatu alisema mwenyewe, "Providence, endelea." Na Providence aliita, na miguu ikarudi.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia aanzishe wimbo mwingine, maneno mapya, mdundo mpya, hakuna atakayemnyang'anya huo.

"Lwimbo ingine?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia aende Kinshasa kwa miguu. "Ile moja ilinikulia miaka yote hii, mudogo. Niko na nguvu ya kuanza ingine wapi?"

Hivyo ndivyo ilivyo sasa. Prefe ameridhika, na wageni wakija huwaleta kwenye dirisha la darasa lile. Madame Viviane huandika maneno ubaoni, husahihisha, hutoa alama. Saa ya wimbo ikifika hasimami mbele tena, anakwenda kukaa dawatini, safu ya tatu, amebanwa kati ya wasichana wawili, na anaitikia nao. Namsikia. Yuko mbele ya wengine kwa nusu pigo, hawezi kujizuia. Watu husema amepata bahati, kazi imekuwa nyepesi, na ni kweli kwamba koo lake limepona.

Wiki iliyopita tulirudi tena pamoja. Njia ilikuwa ya vumbi, mvua zimekwisha, na lori la madini lilikuwa limetupita karibu likatuacha tumefumba macho. Nilimwuliza kama anapumzika sasa.

Alisema Providence ni mtoto mzuri, mwenye heshima, anaita vizuri kuliko yeye alivyokuwa akiita. Akimaliza kuita wote, huanza kuwaelekezea mmoja mmoja, dawati kwa dawati. Safu ya kwanza, safu ya pili, na ya tatu.

"Anafika ku musichana wa huku," Madame Viviane alisema, akionyesha bega lake la kushoto, "anamuuliza. Kisha anaruka anaenda ku ule wa huku. Minye ananipita. Ni heshima, najua. Hawezi kumuuliza Madame mbele ya bantu." Alisimama kusubiri vumbi lishuke. "Mais kila siku nangojea, mudogo. Nangojea zamu yangu, neno iko tayari mu kinywa, na ananipita."

Nilichukua mkoba wake, tukaendelea kutembea. Ilikuwa siku yake ya Kikula, lakini hakwenda jioni ile.